Kwenda kazini na Volkswagen Beetle ya 1969: kabla hujauliza bei, niambie kama muda unao

Nikiwa kwenye foleni ya Buguruni jua la saa tisa, vioo viko chini, maswali huwa ni yaleyale. Bodaboda anauliza bei. Konda wa daladala anauliza kama inatumia mkaa (siku hizi namjibu ni kuni, mkaa umepanda). Mwenye gari ya kiyoyozi anashusha kioo kidogo anauliza spea nazipata wapi, anapandisha haraka joto lisiingie. Hakuna anayeuliza kitu ambacho mimi ningemuuliza mtu yeyote anayetaka gari ya zamani ya kutembelea kila siku, yaani je, muda unao? Maana hela ya kuinunua mtu anaweza kuipata na spea zipo, ntasema zinapotoka, ila hizi gari zinakulipisha kwa muda na umakini, na deni hilo haliahirishwi mpaka mwisho wa mwezi.

Na ninaposema kila siku namaanisha kila siku kweli. Wengi wenye Beetle hapa Dar wanazifunika turubai, zinatoka Jumapili au kwenye harusi zikiwa na maua mbele. Hakuna ubaya, ila ya kwangu inatoka Tabata kwenda Posta asubuhi, inarudi jioni, inabeba gunia la mchele, inaenda msibani Kibaha, inabeba watoto wa jirani. Ni Beetle 1300 ya mwaka 1969, injini ya nyuma, haina rejeta, haina maji, ina nguvu za farasi 40 zilipokuwa mpya kabisa na sasa hivi sijui zimebaki ngapi, wala sitaki kupima.

Kabla yake nilikuwa na Peugeot 504 ya baba mdogo, ilitoka Moshi. Niseme ukweli kwa starehe ya barabarani sijapanda gari nyingine ya umri ule inayoifikia. Ile 504 ilitoka mwaka 1968, mwaka uliofuata ikapewa tuzo ya gari bora la mwaka Ulaya, na ukiendesha kwenye barabara ya vumbi yenye mawimbi kama bati unaelewa kwa nini huku Afrika watu waliing'ang'ania, wenzetu wa Mombasa waliendelea kuziunganisha mpaka miaka ya 2000 wakati Wafaransa wenyewe walishaacha zamani. Springi zake zina safari ndefu, shimo unaliona, unajiandaa, halafu hakitokei kitu. Injini yake laina (zile kuta za ndani za silinda) zinachomoka, pistoni na laina unanunua seti, unatoa za zamani unapachika mpya, huhitaji kupeleka bloku ikachongwe, ndo maana watu walikuwa wanafanya ovahoo chini ya mwembe na gari inarudi kwenye safari za mikoani. Kitu kilichokuwa kinanisumbua ni feni. Peugeot walikuwa wajanja, feni ina sumaku ya umeme, injini ikiwa ya baridi feni haivutwi, ikipata moto swichi inashtuka feni inashika. Ujanja mzuri kwa nchi yenye baridi. Kwa Dar ile swichi au brashi yake ikichoka kwenye foleni ya Tazara unachemsha dakika hiyohiyo, kwa hiyo mafundi wetu wanaifunga moja kwa moja izunguke muda wote, na hata mimi niliifunga. Baadae kutu ikaanza kula chini ya milango na kunyoosha bodi ya 504 ni kazi ya pesa, nikamuachia mzee mmoja wa Tanga mwenye shamba, na kwa habari nilizonazo bado inatembea.

Beetle nilikuja kuipenda kwa sababu kila kitu chake naweza kukifikia kwa mkono. Hakuna mfuniko wa plastiki unaoficha kitu. Ina vituko vyake, mfano maji ya kuoshea kioo cha mbele hayasukumwi na mota, yanasukumwa na upepo wa tairi la akiba, kuna mpira mwembamba unatoka kwenye tairi lililolala kule mbele unaenda kwenye kichupa, ukiosha kioo sana tairi linapungua mpaka valvu inafunga yenyewe ili usije ukabaki bila tairi. Wa kituo cha mafuta wanaufungua mfuniko wa mbele wakitafuta injini wanakuta begi langu na hilo tairi. Vijana wa kuziba pancha ndo kabisa, wanaita na wenzao waje kuona.

Sasa tuje kwenye vitu vya maana.

Kwenye dashibodi kuna taa mbili nazozitazama zaidi ya mwendo. Moja ni ya oili, nyingine ni nyekundu ya chaji. Kwenye gari yako ya kawaida taa ya chaji ikiwaka unajua alteneta ina tatizo, unaweza ukajikongoja na betri mpaka ufike kwa fundi. Kwenye Beetle taa hiyohiyo inaweza kuwa inakwambia injini inakufa, kwa sababu feni inayopoza injini imefungwa kwenye shafti moja na dainamo, na vyote vinazungushwa na belti moja tu. Belti ikikatika huna chaji na huna upepo. Na upepo ndo maji yako.

Ilinikatikia usiku, baada ya Chalinze, nikitokea Morogoro. Taa ikawaka, nikatoka barabarani hapohapo nikazima. Dakika mbili wameshafika watu, mnajua Watanzania gari ikisimama, kila mtu ana ushauri, na ushauri ulikuwa mmoja, dada usizime twende taratibu tu, betri itakufikisha Mlandizi, kuna fundi. Walikuwa wanasema kwa nia njema kabisa na kwa gari zao wangekuwa sahihi. Nikawaambia ahsanteni, nishikieni tochi. Kubadilisha belti unahitaji spana 21 na bisibisi, unaichomeka bisibisi kwenye kijipengo cha puli ya dainamo isizunguke, unafungua nati, puli inaachana vipande viwili, unavisha belti mpya unarudishia. Kukaza kwake hakuna kusogeza dainamo kama magari mengine, kuna vibati vya duara katikati ya ile puli, ukitaka belti ikaze unatoa kibati kimoja unakihamishia mbele chini ya nati ili kisipotee. Ukiibonyeza kwa kidole gumba iingie kama sentimita moja na nusu hivi, imetosha. Tumemaliza, mzee mmoja aliyekuwa ameshika tochi akasema kumbe ndo maana ya shemeji yake iliungua. Belti ya akiba haitoki kwenye gari yangu hata nikienda dukani kununua mkate.

Kitu cha pili ni moto, na hapa sitanii. Petroli kwenye Beetle iko mbele, inasafiri kwenye bomba mpaka nyuma, kisha kuna vipande vya mpira vinavyoingia kwenye pampu na kutoka kwenda kwenye kabureta, na hivyo vipande viko juu ya injini ya moto karibu na distribyuta inayotoa cheche. Mpira ukipasuka, au kile kijibomba cha shaba kinachoingia kwenye kabureta kikilegea kikachomoka, petroli inamwagika pale pale. Na bloku ya injini yenyewe ni ya aloi ya magnesiamu, ikishika moto sawasawa huzimi kwa ndoo ya maji. Mimi mipira yote ya petroli nabadilisha kila mwaka hata kama kwa macho inaonekana mizima, ni vitu vya bei ndogo, nanunua ule wa kuhimili petroli siyo wa oili wala wa maji, na mtungi wa kuzimia moto uko ndani chini ya kiti, siyo nyuma kwenye injini, maana moto ukianza huko nyuma utaufuataje. Tena betri iko chini ya kiti cha nyuma. Beetle zote hizi ziko hivyo. Watu wazito wakikaa pale, springi za kiti zinashuka zinagusa vichwa vya betri, unaanza kusikia harufu. Hakikisha kile kifuniko cha betri kipo, na wengi wanakitupa, kama hakipo weka kipande kinene cha mpira kabla hujampakia shangazi.

Nirudi kwenye muda. Kila Jumamosi asubuhi kabla sijaiwasha, injini ikiwa ya baridi kabisa, nakaa nyuma ya gari na kijistuli. Naangalia oili kwa kijiti (inabeba lita mbili na nusu tu, na haina filta, ina chujio la wavu chini, kwa hiyo oili ikichafuka imechafuka), nabonyeza belti, nagusa mipira ya petroli, natazama chini kama kuna tone jipya maana matone ya zamani tunajuana. Oili nabadilisha kila kilomita elfu tano na hapo hapo naset tapeti. Kuset tapeti kwa gari za siku hizi watu wengi hawajui hata ni kitu gani, kwenye hii ni lazima, unazungusha injini kwa mkono, unapitisha fila (kile kibati chembamba cha kupimia nafasi) ya milimita 0.15 kati ya roka na valvu, inatakiwa ipite kwa kukwaruza kidogo tu. Na hapa kuna jambo lililonichukua muda kulikubali, aliyenifundisha alikuwa anarudia kila mara: tapeti inayolia haina shida, iogope iliyonyamaza. Ikilia ujue nafasi imekuwa kubwa, gari inapunguza nguvu kidogo basi. Ikinyamaza valvu imeanza kukosa nafasi ya kufunga vizuri, haikai kwenye kiti chake, haipoi, inaungua, na siku moja kichwa chake kinakatika kinaangukia juu ya pistoni. Kwenye injini za miaka hiyo inayoanza ni silinda namba tatu, kwa sababu kipozea oili kimekaa ndani ya lile bati la feni kinazuia upepo wa namba tatu, wenyewe Wajerumani waliliona wakaja kukihamisha kwenye injini za baadae. Kwa hiyo mimi naanza kusikiliza namba tatu.

Aliyenifundisha ni mzee mmoja wa Gerezani, mtaa wa hapa Dar, siyo jela. Nilifika pale kwa kuulizia gereji hadi gereji na kila kijana nayemuuliza ananielekeza mbele zaidi, mpaka nikafika kwa mzee amekaa kwenye tairi anakunywa kahawa. Shikamoo. Marahaba mwanangu, hiyo ni 1300? Hajafungua, kasikia mlio tu. Huyo mzee anasema ufundi wake aliupata wakati wa shida, mwisho wa miaka ya sabini na mwanzoni mwa themanini, baada ya vita ya Kagera, fedha za kigeni hakuna, spea hakuna, petroli kwa foleni, Jumapili kuanzia saa nane mchana gari ya binafsi ilikuwa hairuhusiwi barabarani. Unaletewa gari haina diaframu ya pampu ya petroli na duka zima la Dar halina, unafanyaje. Wakawa wanachonga, wanakata, wanajaribu, wanajua kila chuma ni cha nini kwa sababu walilazimika kukitengeneza wao. Halafu biashara ikafunguliwa, zikaanza kumiminika gari za mitumba kutoka Japani, na sawa kabisa, ni gari nzuri, hata mimi nikipata dharura napanda IST ya shemeji. Ila vijana waliojifunza baada ya hapo walijifunza kitu kingine. Nilishampata kijana mzuri tu, mwenye bidii, akaingia chini ya dashibodi yangu na mashine yake ya kusoma makosa anatafuta pa kuichomeka. Nikamuacha atafute kidogo halafu nikampa soda.

Ndo maana nasema ugumu wa gari ya zamani hauko kwenye chuma. Chuma hiki ni chepesi, kimetengenezwa ili askari na mkulima waweze kukirekebisha. Ugumu ni kwamba wanaokijua wanazeeka, wengine wameshatangulia, na hawakuandika mahali. Huyu mzee kuset platini (kile kiswichi cha ndani ya distribyuta kinachokatakata umeme ili cheche itoke) hatumii hata fila, anatumia kipande cha boksi la kiberiti, na inapiga. Taimingi anaisikia. Mimi siwezi hayo, kwa hiyo nilifunga moduli ya elektroniki ndani ya distribyuta badala ya platini, siku hizi kondensa zinazouzwa ni za hovyo, unafunga asubuhi inakufa mchana. Mzee hakufurahi. Alinikubalia kwa sharti kwamba platini na kondensa za zamani zikae kwenye kisanduku cha dashibodi pamoja na fila, siku moduli ikifa porini nirudishe za zamani niondoke. Hoja yake ni kwamba platini ikichoka inakutangulizia taarifa, gari inamiss, inakosa nguvu, unajua, lakini moduli inazima tu. Kwa hilo nilimuelewa na kisanduku kipo.

Nilikuwa nakaa naye Jumamosi kadhaa, nabeba kahawa na kashata, sijafanyiwa kazi yoyote, namshikia spana tu namuuliza. Hiyo ndo gharama yenyewe. Ukienda kwa fundi wa namna hii kama mteja wa haraka, unaacha gari unaenda kwenye shughuli zako unarudi jioni, utarudishiwa gari nzima ila wewe utabaki vilevile na siku ikikuzimikia Kimara huna la kufanya.

Barabarani nako kuna adabu yake. Breki ni dramu magurudumu yote, hakuna buster, unakanyaga kwa mguu wa kweli, kwa hiyo lazima uache nafasi mbele, na Dar ukiacha nafasi mbele umewaalika bodaboda watatu na bajaji. Nimeshajifunza kuishi na hilo, nafasi ikijazwa naacha nyingine, nyuma wanapiga honi, wapige. Kwenye kona yenye maji usiachie mafuta ghafla ukiwa katikati, ile ekseli ya nyuma ya modeli hizi tairi linaweza kujikunja kuingia ndani na mkia ukataka kukupita, punguza mwendo kabla hujaingia kona, ukiwa ndani shikilia mafuta kidogo tu utoke nayo. Tairi za saizi yake, 165 zenye rimu 15, ni za kutafuta kwa tochi, wengi tunafunga 185/65 R15 ambazo ni za kawaida madukani, kimo chake ni kifupi kidogo kwa hiyo spidomita inasoma zaidi ya mwendo wenyewe, ambayo kwa trafiki wenye tochi siyo hasara. Mvua ikinyesha sana Jangwani sipiti. Kuna hadithi kuwa Beetle inaelea, inaelea kweli sekunde chache kwa vile chini imefungwa bapa, lakini puli ya injini iko nyuma chini na ikianza kuchota maji inayarusha juu ya plagi na distribyuta, umebaki unaelea na injini imezima.

Joto sasa. Gari ikishapata moto ukaizima, ukaingia benki, ukatoka, mara nyingine haiwaki, petroli imechemka kwenye pampu imekuwa mvuke. Watu wanaanza kupiga stata mpaka betri inaisha. Unalowesha kitambaa unaweka juu ya pampu, unanunua maji unakunywa, ukimaliza chupa inawaka. Blauzi ya pili iko kwenye begi kila siku, kikao cha saa mbili na nusu asubuhi siingii na ile niliyoendeshea.

Ila mlimani mtaniambia. Kuna kipindi tulikwenda Iringa nayo, ukishatoka Mikumi unashuka kwenye lile bonde la mibuyu, Ruaha Mbuyuni, joto la kuokea mkate, unanunua vitunguu halafu Kitonga inaanza. Malori ya Tunduma yako gia ya chini kabisa, yanapumua, pembeni kuna gari ndogo za kisasa boneti zimefunguliwa mvuke unatoka na wenyewe wamekaa kwenye mawe. Sisi gia ya pili, mara nyingine ya kwanza nyuma ya lori, injini inavuma, haina cha kuchemka. Tusidanganyane lakini, kutokuchemka siyo kutokupata moto, oili inakuwa nyepesi na tukifika juu taa ya oili inapepesa gari ikiwa imesimama. Hapo watu wengi wanazima ipumzike. Mimi siizimi, nashusha mlio iwake pale pale kwa dakika chache, kwa sababu feni inazunguka injini ikizunguka, ukizima umeziba upepo na joto lote limebaki kwenye chuma. Ikishatulia ndo nazima. Wazee wa pale Ilula wakaja kuitazama, mmoja akaanza kunisimulia Safari Rally, na alikuwa anajua, Beetle ilishinda mwaka 1954, 1957 na 1962, halafu Peugeot 404 zikaja kuitawala, mbili kati ya ushindi wake, 1966 na 1967, ni za Bert Shankland aliyekuwa anashindana kutokea hapa Tanzania. Tulichelewa kuondoka kwa ajili ya Shankland.

Hela kidogo basi tumalize hilo. Mafuta inakula zaidi ya IST, mimi napata kilomita kumi na moja kwa lita nikiwa mjini na siku ya foleni mbaya hata hazifiki. Leseni ya barabara ya kila mwaka ilishafutwa tangu 2017, tunalipa kwenye petroli, kwa hiyo gari ikikaa gereji mwezi mzima haikudai kitu. Bima kubwa usitegemee, wengi wa kampuni wakisikia mwaka wa gari wanakupa bima ndogo, ikigongwa na mtu asiye na kitu ni yako. Kutu ndo mla hela mkuu kwa sisi wa pwani, inaanzia chini ya betri na kwenye yale mabomba ya pembeni chini ya milango yanayopitisha hewa ya moto, na bomba hilo likioza ujue ndo uti wa mgongo wa bodi umeoza, kwa hiyo ukienda kununua usitazame rangi, inua zulia, inua kiti cha nyuma, piga kwa bisibisi. Anayekukataza kupiga ana sababu.

Spea nilisema ntasema. Beetle ilitengenezwa mpaka tarehe 30 Julai 2003, ya mwisho kabisa ilitoka kiwandani Puebla, Mexico, jumla zikawa 21,529,464, kwa hiyo kwa vitu vya injini hii gari siyo ya zamani kivile, bado kuna viwanda vinavyotengeneza pistoni, silinda, klachi, kebo, vinatoka sana Brazil. Afrika Kusini nao walikuwa na kiwanda Uitenhage kilichoziunganisha mpaka 1979 na maduka yake ya spea yapo, ukipata mtu wa malori anayekuja unapata na bei ya kueleweka. Ndo tofauti kubwa na 504, ile unaisaka Nairobi kitu kimoja kimoja. Marehemu José Mujica, aliyekuwa rais wa Uruguay, alikuwa anatembelea Beetle ya 1987 akiwa madarakani, na nadhani kama hapo Montevideo spea zingekuwa ngumu hata yeye angetafuta gari nyingine. Usichopata dukani ni vile vidogovidogo visivyotengenezwa tena kwa ubora: bati, vioo vya pembe tatu, mota ya waipa, lachi za milango.

Na hapo nina ombi. Huko mikoani, kwenye nyumba za misheni, kwenye nyua za walimu wastaafu, bado kuna Beetle zimekaa juu ya matofali kuku wanatagia ndani, na wanunuzi wa chuma chakavu wanapita wanapima kwa kilo. Kama familia imeamua kuuza, ni haki yao, lakini kabla haijakatwa toeni injini nzima na mabati yake yote yanayoizunguka, msiyaone ni makopo. Yale mabati na mipira yake ya pembeni ndo yanayotenga hewa ya moto ya chini isirudi juu kwenye feni, bila hayo injini mpya inakufa, na ndo kitu cha kwanza mafundi wa haraka wanatupa kwa kuona yanawazuia kufikia plagi. Kabureta ya Solex hata iliyoganda msitupe, inafunguka. Geji ya mwendo, mota ya waipa, viungo vya milango, na kile kifuniko cha betri. Mimi hapa natafuta bati la nyuma ya puli kwa ajili ya injini ya akiba, lenye matundu yake mazima, na lile lililopo Gerezani mzee amekataa kuniuzia, anasema na yeye ana gari.